Tui la Nazi: Jina Lake, Matamshi Yake na Namna ya Kulitumia Jikoni

Maelekezo mengi ya mapishi yanayoandikwa siku hizi humwambia msomaji atie "kikombe kimoja cha maziwa ya nazi" kisha humwacha hapo, kana kwamba nazi hutoa kimiminika cha aina moja tu. Mpishi aliyekulia Pwani akisoma maneno hayo huuliza papo hapo: tui la kwanza au la pili? Ana sababu ya kuuliza, kwa kuwa tui la kwanza likitiwa mapema katika chungu cha maharage huchemka hadi likakatika, na tui la pili likitiwa mwishoni huuacha mchuzi ukiwa majimaji usioshika wali. Anayetaka kupika kwa nazi ana haja ya kuyajua majina kabla ya kushika mwiko, kwa sababu majina hayo ndiyo yanayoeleza mpangilio wa kazi nzima.

Jina na matamshi

Tui ni kimiminika cheupe kinachopatikana kwa kukamua nazi iliyokunwa na kutiwa maji. Neno hili hutamkwa kwa silabi mbili, tu-i, na mkazo huwa juu ya silabi ya kwanza, sawasawa na chui. Anayejifunza Kiswahili hushawishika kuziunganisha irabu hizo mbili akatamka "twi", kwa kuwa ameshazoea kuiona u ikigeuka w inapokutana na irabu nyingine, kama katika twende na mwalimu. Huko lakini ni kiambishi kinachokutana na mzizi, ilhali katika tui irabu zote mbili ni za neno lenyewe, na kila moja hupewa haki yake mdomoni. Wako wazungumzaji wanaoingiza w nyepesi katikati hata ikasikika "tuwi". Hao hawana kosa, ingawa maandishi sanifu hayaiweki herufi hiyo.

Kisarufi, neno hili limo katika ngeli ya LI-YA. Tunasema tui hili, tui zito, tui limechemka, na anayekamua nazi mara mbili ana matui mawili. Katika miji ya bara husikika sana "tui ya nazi" na "tui imeisha", na hakuna atakayeshindwa kuelewa, lakini anayeandika kwa uangalifu ataandika tui la nazi. Jikoni kwenyewe hakuna haja ya kulitaja tunda: ukiambiwa "lete tui" utaleta la nazi. Maziwa ya mimea mingine hayakupewa heshima hiyo. Ya soya yanaitwa maziwa ya soya, na ya lozi hali kadhalika.

Je, ni sahihi kusema maziwa ya nazi? Jina hilo linaeleweka, limechapishwa juu ya makopo mengi, na limezoeleka kwa watu ambao hawakukua na mnazi uani. Mimi hulikwepa ninapoandika mapishi, kwa sababu linamfanya msomaji alifikirie tui kama maziwa ya ng'ombe, kitu ambacho huchemshwa, hufurika na kurudi kilivyokuwa, na tui halina tabia hiyo hata kidogo. Kwa msomaji aliyeko Ulaya, inafaa pia kujua kwa nini kopo la nazi dukani linaitwa maziwa wakati pakiti ya soya iliyo kando yake inaitwa kinywaji. Sheria ya Umoja wa Ulaya imelihifadhi jina la maziwa kwa kile kinachokamuliwa kwa mnyama, na Mahakama ya Haki ya Umoja huo ililishikilia jambo hilo katika hukumu ya tarehe 14 Juni 2017. Lakini Tume ya Ulaya ilikuwa imeshatoa orodha ya majina yaliyosamehewa mwaka 2010, na maziwa ya nazi yamo katika orodha hiyo kwa kuwa yameitwa hivyo kwa muda mrefu.

Kuna kimiminika kingine cha mnazi ambacho watu hukichanganya na tui, nacho ni maji yaliyomo ndani ya tunda. Tunda la mnazi hupitia hatua zenye majina yake: huanza kuwa kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likawa koroma, kisha likakomaa na kuitwa nazi. Dafu lina maji mengi matamu na nyama laini kama utando, hivyo hunywewa maji yake na nyama yake ikalambwa kwa kijiko, wala halitoi tui. Koroma lina nyama iliyoanza kukaza lakini mafuta yake ni machache. Nazi iliyokomaa ndiyo yenye nyama nene na ngumu, na mafuta ya nyama hiyo ndiyo yanayolifanya tui liwe tui. Anayetumwa sokoni kwa ajili ya wali akirudi na koroma atapata kimiminika cheupe, ndiyo, lakini kitakuwa chepesi na chenye utamu wa maji.

Majina mawili zaidi yanatosha. Tui la kwanza, lile zito linalotoka nazi inapokamuliwa kwa maji machache au bila maji kabisa, huitwa kasimile, neno la silabi nne lenye mkazo kwenye mi. Makapi meupe yanayobaki baada ya nazi kukamuliwa huitwa chicha. Kati ya kasimile na chicha kuna tui jepesi, la pili na hata la tatu, ambalo mpishi asiye na uzoefu hulidharau, na ambalo kwa maoni yangu ndilo linalofanya kazi kubwa zaidi chunguni.

Kuchagua nazi na kulipata tui

Chukua nazi iliyofuliwa, yaani iliyoondolewa makumbi, uipime mkononi. Inapaswa kuwa nzito kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Itikise karibu na sikio: maji yakicheza ndani, kifuu hakina ufa, ikinyamaza kabisa, maji yamevuja au yamekauka, na nyama huenda imeshaanza kuchacha. Yatazame macho yake matatu, ambayo hayatakiwi kuwa na ukungu wala unyevu. Ukikuta ndani pana joya, lile donge jeupe tamu, laini kama sifongo, ambalo watoto huligombania, jua kwamba nazi ilikuwa imeanza kuota na imetumia sehemu ya mafuta yake kulilisha chipukizi. Inaliwa bila madhara, ila tui lake litapungua uzito.

Shika nazi kwa mkono mmoja juu ya bakuli, uipige kwa mgongo wa panga katikati ya mwili wake huku ukiizungusha, mpaka ufa uizunguke na ipasuke vipande viwili. Maji yanayomwagika yaonje kabla ya kufanya jambo lolote lingine. Yakiwa matamu au yasiyo na ladha kubwa, endelea. Yakiwa makali au yenye harufu ya sabuni, itupe nazi hiyo. Kama pishi linahitaji nazi tatu, kamua kila moja katika chombo chake au angalau onja kila moja kabla ya kuzichanganya, kwa maana waliosema nazi mbovu harabu ya nzima walikuwa wamekwisha kuona sufuria nzima ikimwagwa kwa ajili ya nazi moja.

Kifaa cha kukunia ni mbuzi, kibao cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno mbele yake. Mkunaji hukikalia, akakishika kipande cha nazi kwa mikono miwili na kukizungusha juu ya meno hayo, akianzia kandokando na kuingia katikati. Ikune nyama nyeupe peke yake. Ukifika kwenye ngozi ya kahawia inayogusana na kifuu, acha, kwa kuwa ngozi hiyo hulifanya tui liwe la kijivu na huacha uchungu mdogo unaosikika zaidi katika vyakula vyeupe kama wali na mkate wa kumimina. Katika masoko ya Dar es Salaam na Mombasa wapo wauzaji wanaokuna nazi kwa mashine mbele ya mnunuzi, na kazi yao ni nzuri mradi uone nazi inavunjwa mbele yako, kwa sababu nazi iliyokunwa tangu asubuhi huchacha upesi katika joto la pwani.

Nazi moja kubwa iliyokunwa itie kwenye bakuli pana, umimine juu yake kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, yale ambayo kidole hukaa ndani bila kuungua. Uvuguvugu unalainisha mafuta ili yatoke kwenye nyama; maji ya baridi huyaacha humo, na maji yanayochemka huiunguza mikono yako. Finyanga nazi kwa viganja kwa dakika mbili au tatu hadi maji yawe meupe kama chokaa na mazito, kisha ikamue konzi kwa konzi na uchuje. Chujio la zamani ni kifumbu, kijikapu kilichosukwa kwa miyaa, ambacho nazi hutiwa ndani na kusokotwa mpaka tone la mwisho. Kitambaa safi chepesi hufanya kazi ile ile, na chujio la waya la chai hufaa ukilipitishia tui mara mbili. Hiyo ndiyo kasimile. Iweke kando, uifunike, usiichanganye na kitu chochote.

Irudishe nazi ile ile kwenye bakuli, utie vikombe viwili au viwili na nusu vya maji ya uvuguvugu, ufinyange tena kwa nguvu zaidi, ukamue na kuchuja katika chombo cha pili. Hili ni tui jepesi. Maharage au kunde zikiwa ndizo zinazopikwa, unaweza kukamua mara ya tatu na maji hayo ukayatumia kuchemshia. Chicha linalobaki wape kuku.

Mwenye blenda atie nazi iliyokatwa vipande vidogo pamoja na maji ya uvuguvugu, aisage kwa muda usiozidi dakika moja na kukamua kwa kitambaa. Tui la blenda huwa na chembe nyingi zaidi, na mashine ikiachwa izunguke muda mrefu mafuta huanza kujitenga yenyewe, kwa hiyo ni bora kusaga kidogo na kukamua mara mbili kuliko kusaga sana na kukamua mara moja.

Kwa nini tui hukatika

Tui ni maji ambamo matone madogo mno ya mafuta yameelea, na kila tone limezungukwa na protini ya nazi inayolizuia lisishikane na jenzake. Moto mkali huivuruga protini hiyo, na tindikali ya ndimu, ukwaju au nyanya huivuruga pia. Matone yakishashikana, mafuta hupanda juu na chini hubaki maji yenye vibonge vyeupe. Hapo wapishi husema tui limekatika. Chakula hicho hakijaharibika na kinalika, lakini mchuzi umepoteza ulaini, na hakuna njia ya uhakika ya kuurudisha.

Kinga yake ni utaratibu. Viungo vyenye ukali, hasa nyanya, vikaangwe mpaka viive na kukauka kabla tui halijaingia. Tui jepesi litangulie, nalo linaruhusiwa kuchemka kwa sababu mafuta yake ni machache na kazi yake ni kuivisha. Kasimile iingie mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, sufuria ikiwa wazi, na mpishi asibanduke: akoroge taratibu kwa upande mmoja, au aupandishe mchuzi kwa upawa na kuumwaga tena ndani yake, mpaka uanze kutokota pembeni na harufu ya ubichi iishe. Ndimu hukamuliwa baada ya sufuria kuepuliwa.

Wapo wanaolikata tui kwa makusudi. Kasimile ikiachwa juu ya moto bila kukorogwa, maji hukauka na mafuta safi ya nazi hubaki juu, na kwa njia hiyo nyumba nyingi za Pwani zimejipatia mafuta ya kupikia na ya kujipaka.

Matumizi ya kila siku

Wali wa nazi ndio mtihani wa kwanza. Kwa vikombe viwili vya mchele, nazi moja kubwa inatosha: chemsha vikombe viwili na nusu vya tui jepesi pamoja na chumvi, utie mchele uliooshwa, ukoroge mara moja na kuuacha uchemke bila kufunikwa. Maji yakikaribia kulingana na mchele, mimina kasimile juu yake, geuza kwa uangalifu ili ienee, punguza moto, funika vizuri na, kama unapikia mkaa, palia makaa juu ya kifuniko. Mchele mpya hunywa maji machache kuliko wa zamani, kwa hiyo usimimine tui lote kabla ya kuona mchele wako unavyolipokea. Wali ulioiva vizuri huwa na mng'ao, punje zake zimeachana, na chini kuna ukoko wa rangi ya dhahabu ambao katika nyumba nyingine hugombewa kuliko wali wenyewe.

Mbaazi za nazi, ambazo Mombasa huliwa asubuhi kwa mahamri, huonyesha vizuri kuliko pishi lolote ule mgawanyo wa matui. Mbaazi kavu hulowekwa usiku kucha, zikachemshwa kwa maji matupu hadi zilainike. Kisha maji yanayozidi humwagwa, hutiwa kitunguu, pilipili mbichi nzima, binzari ya manjano kidogo, chumvi na tui jepesi, zikaachwa zitokote mpaka rojo ianze kushika. Kasimile humaliziwa juu. Mahamri yenyewe pia hukandwa kwa tui zito lenye uvuguvugu, pamoja na hamira, sukari na hiliki, na tui hilo ndilo linaloyapa harufu ambayo maji au maziwa ya ng'ombe hayawezi kuileta.

Utaratibu ule ule unafaa kwa kisamvu, mchicha, maharage, muhogo, magimbi na ndizi za futari, kila kimoja kikiongozwa na muda wake wa kuiva: muhogo hutaka tui jepesi jingi na saa ndefu, mchicha hutaka kasimile peke yake na dakika chache. Samaki wa kupaka yuko mbali kidogo na hivi, kwa sababu yeye huchomwa kwanza juu ya makaa, na kasimile hupikwa kando na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na binzari mpaka iwe nzito ya kupakika, kisha akapakwa huku akigeuzwa motoni. Hapo moto mdogo ni lazima, na ukwaju hutiwa kidogo kidogo.

Katika vinywaji, tui linapendeza ndani ya uji wa mchele, likiingia uji ukiwa umeshaiva. Katika chai ya rangi iliyokolea, tui la nyumbani mara nyingi hujitenga na kuacha macho ya mafuta juu ya kikombe. Sioni sababu ya kuling'ang'ania huko.

Ambaye tumbo lake halipokei laktosi anaweza kulitumia tui bila wasiwasi, kwa kuwa halina sukari hiyo. Lakini lina protini kidogo na kalsiamu kidogo, na mafuta yake mengi ni yale yanayoganda, kwa hiyo halichukui nafasi ya maziwa katika lishe, na haifai kabisa kumpa mtoto mchanga badala ya maziwa ya mama au yale aliyoandikiwa na mhudumu wa afya.

Tui la kopo na la pakiti

Kwa anayeishi mbali na minazi, kopo si aibu. Kinachotakiwa ni kusoma maandishi ya nyuma. Viwango vya kimataifa vya chakula, Codex Alimentarius, vya mwaka 2003 vinataka maziwa ya nazi yawe na mafuta yasiyopungua asilimia 10, krimu ya nazi yasiyopungua asilimia 20, na yale yaitwayo mepesi yasiyopungua asilimia 5. Kwa lugha ya jikoni, krimu ya nazi ndiyo kasimile, na maziwa mepesi ya nazi yanalikaribia tui la pili. Usinunue mepesi kwa bei ya mazito wakati unaweza kuongeza maji mwenyewe. Orodha ya viambato ikiwa ni nazi na maji tu, au pamoja na kiambato kimoja cha kuzuia kujitenga, hilo ni kopo zuri.

Kopo la mililita 400 liweke penye ubaridi bila kulitikisa, ulifungue na uchote sehemu nzito iliyopanda juu: hiyo itumie kama kasimile. Kinachobaki chini kiongezee kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, nacho kitakuwa tui jepesi la kupikia. Jihadhari na krimu ya nazi iliyotiwa sukari kwa ajili ya vinywaji vya baa, na pia kinywaji cha nazi cha pakiti kinachouzwa karibu na maziwa ya soya; hicho kimezimuliwa kwa ajili ya kunywewa na kumiminwa juu ya nafaka, na wali uliopikwa nacho hautakuwa na nazi ila jina. Tui la unga hufaa safarini, mradi likorogwe na maji ya moto mpaka vibonge viishe.

Kuhifadhi

Tui la nyumbani halina uvumilivu. Katika joto la kawaida la pwani litumie ndani ya saa mbili. Kwenye jokofu, ndani ya chombo kilichofunikwa, litakaa siku moja au mbili, na ile tabaka ngumu itakayojitokeza juu ni mafuta yaliyoganda, hurudi ukilipasha moto kidogo na kulikoroga. Kwenye friza linadumu zaidi, ila likiyeyuka huwa limejitenga, na hapo lipeleke kwenye maharage au kisamvu badala ya mchuzi unaotaka ulaini. Mimi hupendelea kugandisha nazi iliyokunwa katika vifuko vya nazi moja moja, ili siku ya kupika nimimine maji ya uvuguvugu na kulikamua tui likiwa jipya. Chakula kilichopikwa kwa nazi nacho huwahi kuchacha kuliko kile cha mafuta ya kawaida, kwa hiyo kinachobaki usiku kiingie kwenye jokofu mara kinapopoa, na asubuhi kipashwe kwa moto mdogo pamoja na vijiko viwili vitatu vya maji.